Mafuta ya Hewa na Idara ya Kuazima

Hii ilitokea katika nchi moja ambayo jina lake silitaji. Si kwa woga, Mungu apishe mbali. Ni kwa sababu nchi yenyewe ilikuwa na tabia ya kubadilisha jina kila ilipopata wimbo mpya wa taifa, na wimbo mpya ilipata kila Mtukufu Rais alipoamka na furaha. Basi tuiite nchi tu. Wanaoishi humo hawatashindwa kuijua.

Nchi hiyo ilikuwa na amani, utulivu na Idara ya Kuazima. Amani na utulivu mnavijua. Idara ya Kuazima pengine kwenu haipo, poleni sana, kwa hiyo nitaieleza. Mtukufu alipenda kutembelea maendeleo. Maendeleo hayakutosha kuenea kila mahali, lakini yalitosha kabisa kuwa mahali pamoja, ilimradi yawe yametangulia kufika. Kazi ya Idara ilikuwa kuyatanguliza. Mtukufu akienda kuona shule, madawati ya shule nyingine yanapakiwa kwenye malori siku moja kabla. Akienda kuona zahanati, dawa zinapangwa rafuni kutoka mkoa wa jirani. Kulikuwa na kundi la ng'ombe wanono lililozunguka nchi nzima kushuhudia mafanikio ya ufugaji. Ng'ombe wale walikuwa wamemwona Mtukufu mara nyingi kuliko baadhi ya mawaziri wake, na inasemekana dume mmoja alikuwa anajua kusimama wimbo wa taifa ukipigwa.

Vumbi la msafara likitulia, kila kitu kinarudishwa kwao. Hilo ndilo lililompa usingizi mzuri Mkurugenzi wa Idara, Bwana Kashindye, mtu mwembamba, muungwana, mwenye suti moja ya kijivu. "Tutasemwa mengi," alipenda kusema, "lakini Idara yangu hairudishi pungufu. Hata kijiko."

Sasa, katika mji wa baridi uitwao Lusungo, nyuma ya tanuri la chokaa, alikuwapo mhandisi mmoja jina lake Lutengano. Huyu ndiye mwenye hadithi. Alikuwa amejenga mtambo wa kukamata hewa ukaa, ile inayotoka na moshi, na kuigeuza mafuta. Msicheke, jambo lenyewe ni la kweli. Hewa inakamatwa kabla haijatoka nje, inachanganywa na haidrojeni iliyotolewa kwenye maji kwa nguvu ya umeme, vyote viwili vinapikwa kwenye joto kali, na mwishoni kwenye bomba jembamba kinadondoka kitu cha majimaji kisicho na rangi hata kidogo, ambacho ukikitia kwenye injini, injini inawaka.

Shida ilikuwa kwamba kinadondoka. Hakimiminiki. Mtambo ulikula umeme mwingi na kutoa kijiko cha chai kwa siku. Lutengano alikinga matone hayo kwenye chupa kubwa ya soda, na baada ya mwaka na kitu chupa ilikaribia kujaa. Aliifuta kwa leso kila asubuhi. Alikuwa mtu mwenye furaha siku hizo, na namwonea huruma nikikumbuka.

Habari zikamfikia Waziri wa Hewa na Mambo Yanayoelea, Mheshimiwa Dokta Dokta Kalokola. Aliitwa Dokta mara mbili kwa kuwa shahada za heshima alipewa mbili, na hakutaka chuo chochote kijisikie vibaya. Akaja Lusungo na magari matatu, akaingia kwenye banda, akauliza mtambo unatoa kiasi gani.

"Kijiko cha chai kwa siku, Mheshimiwa. Siku umeme ukiwa mzuri."

"Mimi nimemwambia Mtukufu pipa kwa saa."

"Basi itabidi umwambie tena."

Waziri akacheka, akamshika bega. "Mhandisi, Mtukufu haambiwi tena. Mtukufu huambiwa mara moja. Uzinduzi ni Alhamisi ijayo, na rais wa nchi jirani atakuwapo kuja kuona wivu."

Nieleze kwamba katika nchi hiyo tarehe ya uzinduzi hutangulia, na kitu chenyewe hufuata kikipata nafasi.

Kwa kuwa mtambo ulihitaji moshi, Waziri alianzisha papo hapo kampeni ya Toa Moshi kwa Taifa. Wananchi wa Lusungo, ambao mwaka uliopita walitozwa faini kwa kuchoma takataka, sasa wakatozwa faini kwa kutochoma. "Ndugu zangu," Waziri alitangaza uwanjani, akikohoa, "tuchafue kwa moyo mmoja ili tupate cha kusafisha! Nchi isiyo na moshi itasafisha nini?" Watu wakapiga makofi, machozi yakiwatoka. Moshi wenyewe ulipanda zake mbinguni bila kupita kwenye mtambo, maana hakuna aliyeuonyesha njia.

Jumanne ikafika na Bwana Kashindye akaja na lori tupu. Alihitaji mafuta ya kufichwa nyuma ya ukuta wa banda, yaunganishwe kwa bomba na mtambo, Mtukufu akifungua koki yatoke. Vituo vya mafuta vya Lusungo vilikuwa vimekauka tangu mwezi uliopita. Dizeli iliyobaki mjini ilikuwa kwenye tangi moja tu, la hospitali, kwa ajili ya jenereta ya wodi ya watoto njiti.

"Nimeomba nikanyimwa," Bwana Kashindye alisema kwa unyonge. "Yule Sista wa wodini ameniambia nikaazime akili kwanza. Lakini wanasema wewe anakufahamu."

Alimfahamu, ndiyo. Binti ya Lutengano, Tumpe, ambaye sasa anaruka kamba shuleni, alizaliwa na miezi saba, mdogo kiasi cha kulala kwenye kiganja. Aliwekwa kwenye wodi ile, chini ya taa ya joto, na Sista Atupele ndiye aliyekesha naye. Umeme ulipokatika, jenereta ilinguruma, taa ikarudi. Lutengano alikuwa bado anausikia mngurumo ule akifumba macho.

Na bado akaenda. Alimkuta Sista Atupele anakunja nepi, mwanamke mnene wa makamo mwenye kamba ya funguo shingoni.

"Baba Tumpe," alisema bila kuinua kichwa, "kama umekuja kwa lile jambo la yule bwana wa suti, geuza."

"Ni ya siku moja tu, Sista."

"Hii dizeli si ya kuwashia muziki."

"Najua ni ya nini. Mwanangu alilala pale." Akaonyesha kitanda cha dirishani.

"Unajua, halafu unaniomba?"

Lutengano akajieleza. Kwamba uzinduzi ukishindikana, mtambo utavunjwa na kuuzwa chuma chakavu. Kwamba ukifanikiwa, serikali itampa umeme na watu, na siku moja wodi hii itawaka kwa mafuta ya hewa bure. Alisema maneno mazuri, na ubaya wake ni kwamba aliyaamini. "Alhamisi hiyo hiyo, kabla jua halijazama, itakuwa imerudi tangini," alimaliza. "Nakuahidi mimi, siyo serikali."

Sista Atupele akaweka nepi kando. "Serikali ningeikatalia," alisema, akavua kamba shingoni.

Alhamisi, Lusungo ilipendeza kuliko Lusungo. Mawe yalipakwa chokaa, majani yaliazimwa kutoka uwanja wa gofu, na ng'ombe walikuja pia, ingawa hakuna aliyejua wanahusikaje na hewa. Mtukufu akashuka garini akiwa na rais wa nchi jirani, akahutubia hadi kivuli cha jukwaa kikahama upande wa pili.

"Wengine wanachimba mafuta ardhini," alinguruma, "kama fuko! Sisi tunayavuta kutoka juu, ambako sisi tuko karibu nako zaidi!" Kisha akafungua koki. Dizeli ikamwagika kwenye bilauri. Mtukufu akainusa, akafumba macho.

"Inanukia kabisa kama dizeli!"

Uwanja ukalipuka kwa vifijo. "Hivyo ndivyo sayansi ya kweli inavyonukia!" Waziri akapaza sauti, naye rais wa nchi jirani akanusa, akaona wivu kama ilivyopangwa.

Hadi hapo mambo yalikwenda sawasawa. Bwana Kashindye, nyuma ya ukuta, alikuwa ameshawasha lori la kurudishia. Lakini Mtukufu alikuwa amefurahi, na furaha yake haikuwamo kwenye ratiba. "Jazeni msafara mzima!" aliamuru. "Na mgeni wetu asiondoke mikono mitupu. Mjazieni wake pia!"

Magari yakapanga foleni. Ilikuwa misafara mirefu ya kujivunia. Bwana Kashindye akatoka nyuma ya ukuta mbio, tai imepinda, akamvuta Waziri shati. "Mheshimiwa, ni ya kuazima. Mheshimiwa, inarudi leo." Waziri akamtazama kama anayetazama mbu.

Lutengano alisimama hatua chache kutoka kwa Mtukufu. Mbele ya macho yake dizeli ya wodi iliingia gari la kwanza, la pili, la mpambe, la wapishi, la kubeba zulia. Akajisogeza mbele. "Mtukufu," alisema, "mafuta haya si ya..."

"Si yake peke yake!" Waziri alidakia. "Anasema ni ya taifa zima! Unyenyekevu ulioje!"

Mtukufu akaguswa, akamvisha nishani palepale. Sasa, hapo Lutengano angeweza kuendelea. Kipaza sauti kilikuwa karibu, na hakuna aliyemziba mdomo. Mimi nimejaribu kumtetea kila ninaposimulia, nikasema alizidiwa, nikasema alibabaika. Ukweli ni kwamba nishani ilikuwa nzito kifuani na watu walikuwa wanamshangilia, akanyamaza. Gari la mwisho lilijazwa, bomba likatoa upepo tu, na jua likazama.

Jioni hiyo Bwana Kashindye alikaa kwenye ngazi ya lori lake tupu akilia waziwazi. "Hata kijiko," alirudia. "Hata kijiko sikuwahi kupoteza."

Shida za kawaida zingeishia hapo. Lakini Mtukufu alirudi mji mkuu na kutoa maagizo. Kwa kuwa Lusungo sasa ina mafuta ya hewa, ni marufuku kuleta dizeli wala petroli wilayani humo, maana kufanya hivyo ni kuitilia shaka sayansi. Hospitali ya Lusungo, kwa heshima ya ujirani, itachota mtamboni. Umeme wote wa mji uelekezwe mtamboni ili uzalishaji usisimame. Na chupa ya soda yenye matone ya kwanza iwekwe kwenye kabati la kioo, ilindwe na mwanajeshi, ili vizazi vijavyo vije kuiona.

Kwa hiyo Lusungo ikabaki na giza, na mtambo ukabaki unatoa kijiko cha chai.

Lutengano hakula vizuri tangu siku ile. Alibadilisha njia ya kwenda kazini ili asipite hospitali, akawa anazunguka kupitia sokoni. Tumpe alipomuuliza kwa nini wanazunguka, alimwambia anataka kunyoosha miguu, na mtoto akamwamini, na kule kuaminiwa kukamuuma kuliko kutukanwa. Ikawa akimwangalia binti yake anaruka kamba, anageukia ukutani.

Akaamua kukiri. Alipanda basi hadi mji mkuu, akamwambia Waziri kila kitu, neno kwa neno, na kumrudishia nishani. Waziri alimsikiliza kwa upole, akamwambia kwamba wanasayansi wakubwa wote wana tabia hiyo ya kujishusha, akampa nishani ya pili.

Akarudi Lusungo, akaenda kituo cha polisi na mikono ameshaitanguliza mbele. Mkuu wa kituo, Afande Mwakibete, alikuwa anakunywa chai.

"Nimeiba, Afande. Nikamateni."

"Umeiba nini, Mhandisi?"

"Dizeli ya hospitali."

"Hospitali ya nani?"

"Ya serikali."

"Dizeli ikaenda wapi?"

"Kwenye magari ya serikali."

Afande akaweka kikombe chini, akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Yaani serikali imechukua mafuta ya serikali, ikatia kwenye magari ya serikali. Sasa mimi wa serikali nimkamate nani? Nenda ukapumzike, Mhandisi. Umefanya kazi kubwa kwa nchi hii." Akasimama, akampigia saluti.

Kule hospitali tu ndiko hakwenda kukiri. Alijiambia atakwenda akiwa na dizeli mkononi. Akatafuta wilaya za jirani, akapata dumu moja, lakini kwenye kizuizi cha barabarani walimnyang'anya na kumpa pole, kwamba hata mvumbuzi mwenyewe anaitilia shaka sayansi yake.

Kisha zikaja mvua. Lusungo mvua zikija na baridi inakuja nazo, ile ya kuingia mifupani. Mchana mmoja simu yake ikalia.

"Baba Tumpe." Ilikuwa sauti ya Sista Atupele, haina ukali, na hilo ndilo lililomtisha. "Nina njiti wodini. Watatu nimewafunga vifuani kwa mama zao, wanapata joto. Wa nne mama yake, Enesia, bado yuko chumba cha upasuaji hajitambui, na mtoto hapumui vizuri. Anataka mashine ya oksijeni, na mashine inataka umeme. Mafuta yetu yako wapi?"

Alitupa simu mezani akakimbia kwenye kabati la kioo. Mwanajeshi alipomwona alikaza mgongo, akampigia saluti shujaa wa taifa, na aliendelea kupiga saluti wakati shujaa anavunja kioo kwa nyundo, anachukua chupa na kutoka nayo kwenye mvua. Hakuna aliyempa amri ya kushusha mkono.

Lutengano alikimbia akiikumbatia chupa chini ya koti. Safari hii hakuzunguka sokoni. Alifika nyuma ya wodi, akaimimina yote kwenye jenereta, mwaka mzima na kitu wa matone, akavuta kamba. Ikakohoa. Akavuta tena. Ikawaka.

Jamani, iliwaka! Moto safi, bila moshi, mafuta yaliyotoka hewani kweli. Taa ya dirishani ikarudi. Mashine ya oksijeni ikaanza kuhema, na ndani Sista Atupele akapiga kelele, "Anavuta! Mtoto anavuta!" Lutengano akaegemea ukuta wa mabati, akalia kwa furaha na aibu kwa pamoja, hakujua ipi ni ipi. Yote aliyoyaota yalikuwa yamethibitika. Mtambo wake haukuwa uongo. Laiti wangemwachia kijiko chake cha chai.

Jenereta ilinguruma muda wa kuchemsha sufuria ya chai. Kisha ikazimika.

Enesia alipozinduka, jua likiwa bado juu, hakukuwa na mtoto wa kumfunga kifuani.

Walimkamata Lutengano hapo hapo ukutani, na safari hii hawakukosa sababu. Alishtakiwa kwa kuvunja kabati la taifa na kuharibu kumbukumbu. Mahakamani hakimu alimuuliza kama anakiri.

"Nakiri, Mheshimiwa. Na kuna kubwa zaidi. Niliazima dizeli ya watoto nikaacha inywewe na magari, nikanyamaza. Mtoto amekufa. Nihukumu kwa hilo."

Hakimu akapekua makaratasi. "Hilo halimo kwenye mashtaka. Umeshtakiwa kwa chupa."

"Chupa ndiyo kitu pekee nilichofanya vizuri!"

"Mahakama imesikia majuto yako," hakimu alisema, akamfunga miaka saba.

Hapo serikali ikapata tatizo dogo. Wageni waliendelea kuja kuona mafuta ya hewa, na wote walitaka kupeana mkono na mvumbuzi. Ndipo Bwana Kashindye alipopata kazi mpya. Kila ugeni ukija, lori la Idara linasimama gerezani, Lutengano anavishwa suti na nishani zake mbili, anapelekwa, anaonyeshwa, anapigwa picha. Wakiondoka, anavuliwa suti, anarudishwa. Bwana Kashindye alimrudisha kila mara kwa wakati, bila mkwaruzo.

Siku moja Mtukufu akapenda kuona jinsi hospitali ya Lusungo inavyonufaika. Idara ikatangulia. Vitanda vikaja, mashuka yakaja, jenereta mpya ikaja na dizeli yake ndani. Na kwa kuwa wakati huo wajawazito wa Lusungo walikuwa wakikimbilia wilaya nyingine kujifungua, Idara ikaazima na mtoto. Alikuwa mnono, ana miezi mitano, akalazwa kwenye kitanda cha dirishani na kuvishwa kofia ndogo ya njiti iliyombana kichwa. Lutengano akawekwa pembeni ya kitanda hicho, na suti yake.

"Anaendelea vizuri sana!" Mtukufu alisema, akamtekenya mtoto kidevu. Mtoto akacheka, akashika nishani ya Lutengano akaitia mdomoni. Wapiga picha wakafurahi. Lutengano alijaribu kutabasamu kama alivyoelekezwa, lakini uso ulikataa, akainamisha kichwa. Waziri akaeleza kwamba ni unyenyekevu.

Msafara ukaondoka. Idara ikaanza kupakia: vitanda, mashuka, jenereta na dizeli yake. Mtoto alirudishiwa mama yake, aliyekuwa akisubiri kwenye lori, naye akamvua kofia haraka na kumpapasa kichwa. Mwisho Lutengano akavua suti na kupanda nyuma, katikati ya magodoro.

Bwana Kashindye akamwendea Sista Atupele, aliyesimama mlangoni na kamba ya funguo shingoni. Akamshukuru kwa heshima zote. "Na uangalie mwenyewe, Sista," alisema, akijinyoosha. "Jua bado halijazama, na kila tulichoazima tunarudisha. Hata kijiko."

Sista Atupele hakumtazama yeye. Alimtazama aliye kwenye magodoro.

"Bado kimoja," alisema. "Sivyo, Baba Tumpe?"

"Ndiyo, Sista," Lutengano akajibu, na lori likaondoka.